Ncha ya Spoku

Vuuu! Mlio wa pia yangu kwenye saruji ya kanisa huwa naukumbuka kila ninaponusa kuni za mpera. Kaka alinichongea kwa mpera, tukaijaribu hapo kanisani kwa ncha mbili. Ya msumari ilichoka upesi, ila ya spoku ya baiskeli ilidumu wimbo mzima.

"Mdogo wangu, hii ni yako. Jumapili utatumaliza!"

Jumapili, baada ya misa, tukashindana na wenzake kaka. Yangu ikapepesuka, ikaanguka ya kwanza. Ya kaka ikabaki inaimba. Nilipoiokota yangu, nikakuta ncha ya msumari.

"Kaka, spoku yangu?"

"Msichana na pia wapi na wapi!" Wenzake wakacheka.

Nyumbani nikaung'oa ule msumari, nikaupigilia ukutani jikoni, nikatundika kamba yangu ya mgomba ya kuzungushia pia.