Walthamstow Mara Tatu

Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu, na ningeendelea kukaa nalo lau si Bwana Ramesh, ambaye kila akinikuta sokoni Walthamstow huniuliza mbele za watu kama leo nimeamka, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe, maana yeye hutia chumvi na mie hata bila ya chumvi nimeaibika vya kutosha. Mie ni mtu mzima, nina mvi, nina binti mwenye shahada, nimetoka Unguja zamani, nimefanya kazi ya kutunza wazee hapa London miaka na miaka na sijaangusha mzee hata mmoja. Mtu huyo huyo nilikabidhiwa watoto kumi na wawili wa Kijapani niwafikishe mahali, njia moja, treni moja, hakuna hata kubadilisha. Nikashindwa.

Mwanangu Rukia alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na taasisi moja inayoleta vijana kutoka Japani, wanafunzi wa skuli za sekondari, wakakaa London wiki mbili kufundishwa uongozi, namna ya kuishi na jamii na namna ya kuuona ulimwengu mzima kuwa ni dhamana yao (hayo ni maneno ya karatasi zao, mie naona hata nyumba moja ni dhamana nzito). Kazi yenyewe ya majaribio ya miezi mitatu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuipanga yeye peke yake toka asubuhi mpaka jioni, na mkubwa wake, mama mmoja wa Kiingereza anaitwa Margaret, sauti yake ya upole lakini macho hayaachi kitu, alisema atakuja kuangalia. Siku ikenda vizuri Rukia anabaki kazini. Ikenda vibaya, basi tena, na mtoto alikuwa ameshatafuta kazi mwaka mzima, nilikuwa namsikia chumbani kwake akisoma kwa sauti zile barua za kukataliwa.

Mpango wake ulikuwa kuwaleta wale vijana kwenye ukumbi wetu wa wazee wa Afrika Mashariki, hapo Walthamstow, saa nne asubuhi, wasikilize wazee, waonje chakula chetu, waulize maswali. Asubuhi ile mwenzake aliyekuwa awachukue stesheni ya Victoria akapiga simu kuwa anaumwa. Rukia alitaka kumsubiri mfanyakazi mwengine, achelewe nusu saa, si neno. Nikamwambia niachie mie. Akaniangalia, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake (mie nasema Kiswahili, yeye Kiingereza, ndivyo tulivyozoea nyumbani kwetu) kwamba Baba umefunga, una hakika? Maana ilikuwa Ramadhani ya Juni, na Juni ya hapa mnaijua, ukimaliza daku tu alfajiri hiyo, na magharibi inakawia mpaka unaisahau. Nikamuuliza kwani saumu ni ugonjwa?

Nikawakuta Victoria wamejipanga mstari, kila mmoja na daftari na kalamu iliyofungwa uzi. Wao hupeana zamu ya kuongoza kila siku, na zamu ya siku ile ilikuwa ya msichana mwembamba wa miwani anaitwa Haruka. Mie nilipoona wananitazama vile, wanangoja neno langu kana kwamba mie ndiye mwenye London, kichwa kikavimba. Nikawapa hotuba. Nikawaambia mtu mnayemwona mbele yenu hajatia hata tone la maji mdomoni toka alfajiri na yuko imara (imara!), kisha nikawapa kanuni, kwa kuogopa asipotee mtu: asishuke mtu kabla yangu, mie nikikaa kaeni, mie nikisimama simameni. Haruka akaandika, akanisomea alichoandika nikithibitishe, nikathibitisha, wakainama, nikainama, wakainama tena, treni ikatupita tukangoja ya pili.

Sasa treni ile ya chini kwa chini mnaijua ilivyo, joto, mvumo mmoja tu, taa za manjano, inakuyumbisha huku na huku pole pole. Nikapata kiti cha pembeni. Nikasema nifumbe macho mpaka kituo cha pili, dakika mbili.

Nikaona treni imetoka chini ya ardhi bila ya kishindo, inapita katikati ya nyumba za mtaa wetu wa Ng'ambo kule Unguja, karibu hata ningenyoosha mkono ningegusa kuta, na madirisha yako wazi, na ndani watu wanakunja nguo, wanachana watoto nywele, hakuna anayeshtuka kuona treni inapita ukumbini kwake. Na mama yake Rukia, Mungu amrehemu, amekaa mbele yangu anamenya chungwa, ganda moja refu halikatiki, linashuka mpaka sakafuni na linaendelea. Nikamwambia usinipe, nimefunga. Akacheka, akasema si lako, la watoto. Nikageuka nikawaona wale vijana wote wametulia, wametandaziwa mwanga wa jioni magotini, na harufu ya chungwa imejaa, na mie nikaona raha ambayo sijaiona tangu alipotutoka, nikaomba moyoni treni ile isifike popote.

Basi na haikufika. Kilichoniamsha ni gari la mtoto mchanga, mama mmoja kanigonga nalo goti. Nikafumbua macho nikajikuta kichwa changu kiko begani kwa kijana mmoja wa Kijapani, naye kakaa wima hatikisiki, na shingo yangu imewekewa koti lililokunjwa vizuri, na kofia yangu ameishika msichana mwengine kwa mikono miwili. Nje maandishi yanasema Walthamstow. Nikafurahi, nikasema alhamdulillahi, nimesinzia kidogo na nimeamka mahali pake. Nikasimama, wote kumi na wawili wakasimama pamoja, nikavaa kofia yangu, nikawaongoza kupanda ngazi za umeme, kifua mbele.

Tulipofika juu, simu ikapata mtandao (kule chini zilikuwa hazishiki), ikaanza kutetemeka mfukoni na haikunyamaza. Rukia, Rukia, Rukia. Nikatazama saa ya ukutani nikaona imeharibika, nikatazama ya simu nayo inasema vile vile, saa sita mchana. Tulipanda saa tatu na kitu. Simu ikalia tena, nikapokea, na sauti ya mwanangu ilikuwa ndogo, ananiuliza kama tuko hai. Nami, sijui shetani gani alinishika ulimi (na Ramadhani wanasema wamefungwa), nikamwambia treni iliharibika, mwanangu, tulikwama katikati ya njia kule chini.

Akashusha pumzi. Akasema maskini Baba, na saumu yako. Nikamsikia akigeuka kumwambia Margaret, na Margaret akasema maneno ya huruma, na mie pale kwenye soko la nje ya stesheni, katikati ya viazi na mabegi ya bei rahisi, nikajiona nimeokoka.

Ukumbini walitupokea kama watu waliotoka vitani. Mama Njoki, muuguzi mstaafu wa Nyeri, chapati zake zilikuwa zimeshapoa na zimepashwa moto mara mbili, lakini alinishika mkono akaniambia pole sana, nikae. Bwana Ramesh, aliyekuwa na duka Kisumu kabla ya kuwa na duka hapa, alisimama akatoa hotuba aliyoiandaa. Nikapewa kiti cha mbele. Kila aliyenipa pole nilimwitikia kwa kichwa, na pole zilinichoma, lakini si kiasi cha kufungua mdomo, nasema kweli. Nilikuwa namwangalia Rukia anavyozunguka na Margaret anavyotabasamu, nikasema liache hivyo hivyo, limekwisha.

Sikujua kwamba mafunzo yao yana desturi: kila ziara, kabla ya kuondoka, kiongozi wa siku husimama mbele ya wenyeji akaeleza walichojifunza. Haruka akasimama. Akafungua daftari. Akaanza kwa Kiingereza chake cha taratibu, neno moja moja, na Rukia pembeni yake anafasiri kwa ajili ya bibi zetu wawili watatu ambao Kiingereza kinawapita. Haruka akasema leo tumejifunza dhamana katika treni. Tumefika Walthamstow mara ya kwanza saa tatu na dakika arubaini. Tumefika Brixton, mwisho wa pili wa njia, saa nne na robo. Akasoma yote, dakika kwa dakika, Walthamstow mara tatu, Brixton mara mbili, na Rukia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika anasema, halafu Baba alilala, treni ikarudi, Baba akalala tena. Hapo akaacha kufasiri. Akanitazama.

Haruka hakuona kitu, anaendelea, maana kwake hilo lilikuwa jambo zuri. Alisema walifanya mkutano wa kunong'ona, na kwao uamuzi lazima wakubaliane wote kumi na wawili. Wengine walitaka kuniamsha. Kijana mmoja akasema kwao mtu akisinzia kwenye treni ni kwa sababu amefanya kazi sana, hata babake ni hivyo, na haamshwi. Mwengine akakumbusha kuwa mzee huyu hajanywa maji toka alfajiri, na kanuni yake ni kuwa asiposimama yeye hasimami mtu. Walipofika Brixton mara ya pili walikuwa wameshakubaliana wakati umepita mno, waniamshe, ila waliponitazama wakaniona natabasamu na huku machozi yananitoka. Basi hakuna aliyeweza. Walipeana zamu ya kunishika kichwa.

Bwana Ramesh akaangalia viatu vyake. Margaret alikuwa hatabasamu tena, akamuuliza Rukia, kwa upole ule ule, ile treni iliyoharibika ni ipi. Hapo Haruka akaelewa kuwa kuna jambo limekwenda kombo, akasema neno kwa lugha yao, wote kumi na wawili wakasimama wakainama chini kabisa, akasema kosa ni letu, tungemwamsha, tunaomba radhi kwa wazee wote.

Watoto wa miaka kumi na saba, wameinama mbele ya chapati zilizopoa, kwa ajili yangu. Sijapata kuona haya vile. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza ili Margaret asikie, kisha kwa Kiswahili ili bibi zetu nao wasikie, kwamba treni haikuharibika, mie nililala, na mwanangu nimemdanganya, hakujua lolote. Mama Njoki akasema kwa sauti ndogo tu, sasa kaa, Mzee.

Kazi hawakumnyang'anya. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza kwenye faili lake, kwa kumpa dhamana ya watoto mtu asiyepangwa, yaani mie babake. Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu, wauza soko wanakunja meza zao, na mie kwa kutafuta pa kushika nikamwambia, nilimwota mama yako, Rukia. Alikuwa anamenya chungwa.

Akatembea hatua chache. Kisha akasimama, na akasema kwa Kiswahili, taratibu, anatafuta kila neno, kusudi nisije nikajifanya sikuelewa:

"Kulala nimekusamehe, Baba. Hata kumwota Mama, kama ningeweza, nami ningelala. Lakini umenifanya nimwambie mtu uongo kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akatangulia, nami nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Makundi matatu yamekuja tangu hapo na sijaitwa, wala sijauliza. Juzi niliwaona wakipita sokoni, vijana wamefuatana mstari, Rukia mbele, ameshika orodha, nami nikajibanza nyuma ya meza ya mchicha mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua. Rukia aliniona. Alinipungia mkono, kidogo tu, akaenda zake na watu wake. Kusinzia kwenye treni sitaapa kuwa nimeacha, kwa sababu nikiapa itakuwa uongo wa pili, na nasema kweli kuna siku napanda nikitumai chungwa lile. Ninachoapa ni kimoja, siku mwanangu atakaponipigia simu kuniuliza niko wapi, na nimelala, nitamwambia nimelala.