Vibao Vilivyoangalia Ziwa

Ofisini kwetu walimwita mjomba wangu Matope, na wakajiona wamepatia kweli. Jina alilitoa mkuu wetu, mtu aliyesimamia njia za baiskeli za msituni kwa miaka sita bila kuchafua kiatu. Siku hiyo mjomba alikuja kuchukua buti mpya za kazi. Mkuu akatazama nyayo zilizobaki kwenye vigae vyake, akasema, "Huyu mzee ni matope matupu." Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka kidogo, kupitia puani. Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye kiti cha karani.

Huyo waliyemcheka ndiye aliyepanda nusu ya msitu wenyewe. Alianza akiwa kijana wa miaka kumi na saba, anabeba miche kichwani kuipandisha vilimani, na misonobari ambayo wageni wanasimama kupiga nayo picha leo aliishika ikiwa na urefu wa kiganja. Iliposikika kwamba kuna watu wazima wanaosafiri kutoka mbali ili wateremke vilima kwa baiskeli, na kwamba wanalifurahia jambo hilo, ofisi ilitaka njia za kutoka juu kabisa hadi ziwani. Mkuu alichora mistari ukutani. Mjomba akapewa jembe na sururu.

Alikuwa na utaratibu wake, na ndio uliowafanya wamwone kichaa. Jua likiwaka hatoki. Anakaa nyumbani ananoa jembe, anashona koti lake la plastiki. Mvua ikianza, watu wote wanakimbilia ndani, yeye ndiyo anafunga buti. Anapanda kilimani, anasimama chini ya mti kama mtu aliyepotea, anatazama maji yanapita wapi, anachomeka kijiti. Anasogea hatua tano, anasimama tena. Njia aliipitisha pale ambapo maji hayataki kwenda. Nilimuuliza mara moja kwa nini asisubiri pakauke. "Pakikauka kila mahali panafanana," alisema. "Nitajuaje?"

Kwa hiyo njia zake hazikuliwa na mvua. Ile ndefu, ya kushukia ziwani, ilimchukua miaka miwili. Karibu na mwisho wake kuna kona kali iliyo juu ya bwawa la matete, na hapo alitandaza mawe aliyoyabeba mwenyewe mgongoni, moja moja. Tunapaita Kona ya Mawe. Baiskeli hakujua kuendesha. Hata kukaa juu yake tu, kulimshinda. Ofisini hilo lilikuwa kichekesho cha kila siku, na waliolicheka sana ni wale ambao wangeshindwa kupanda ngazi ya ghorofa moja bila kupumzika.

Alichokihitaji mjomba kutoka kwetu ni karatasi moja tu, kibali cha mtunza njia, ambacho mkuu hukitia saini kila mwaka. Bila kibali hicho, mtu haruhusiwi kuingia msituni na jembe. Askari wa getini anakurudisha, hata kama miti uliipanda wewe. Mwaka ule njia ya ziwani ilipokamilika, kibali kilikuwa kinaisha mwezi wa uzinduzi wake, na mjomba aliniuliza habari zake mara tatu, yeye ambaye hana kawaida ya kuuliza kitu mara mbili.

Sasa akaja Mtaalamu. Sijui alikuwa mtaalamu wa nini, na nina hakika naye hakujua. Alikuja na droni, miwani ya jua miwili, na neno "uzoefu" ambalo alilitumia kama chumvi. Aliipima njia ya mjomba kutoka angani, akaisifu kwa nusu saa mbele ya mkuu, kisha akasema inakosa kitu kimoja: vibao. Vibao vya mbao, rangi nyekundu, maandishi meupe. Punguza mwendo. Kona kali. Mawe. Nilichapa mwenyewe agizo la kuvitundika.

Wazo la vibao halikuwa baya. Ubaya ulikuja na gari. Gari la ofisi haliwezi kufika juu ya kilima, linaishia ziwani, na ziwani ndipo ilipo hoteli yenye chai nzuri. Basi Mtaalamu na wasaidizi wake wawili wakanywa chai, wakaanza kupanda kwa miguu kutoka chini, nyundo mkononi. Kila walipofika mahali, walitundika kibao kikiwaelekea wao, wakarudi nyuma hatua mbili, wakakitazama, wakakipenda, wakakipiga picha. Vibao kumi na vinne, vyote vikaangalia ziwa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba baiskeli zitatoka upande wa pili. Walifika juu wanahema, wakarudi chini kwa njia ya mkato ya wakata kuni. Picha zilibandikwa ukutani ofisini, na kila aliyepita alisema zimependeza.

Siku tatu kabla ya uzinduzi mvua ilinyesha, na mjomba akapanda kutazama njia yake. Yeye huanzia juu. Saa nne asubuhi nikasikia mtu anagonga dirisha langu la nyuma, lile linaloangalia choo. Alikuwa yeye, amelowa chapa chapa.

"Mjomba! Mbona hupiti mlangoni?"

"Wamenizuia kwa sababu ya buti. Sikiliza, mwanangu. Vibao vyote vimegeuzwa. Mtu anayeshuka anaona mgongo wa ubao tu. Kile cha Kona ya Mawe, mpaka ageuke akisome, ameshaingia kwenye matete."

"Vyote?"

"Vyote kumi na vinne. Ningevigeuza mwenyewe, lakini ni mali ya ofisi, nikivigusa watasema nimeharibu na kibali ndiyo basi tena. Mwambie mkubwa wako. Wewe atakusikia."

"Nitamwambia sasa hivi."

"Sasa hivi kweli?"

"Kweli, Mjomba. Nenda ukabadilishe nguo."

Nilikwenda. Nataka ijulikane kwamba nilinyanyuka kitini, nikavuka ukumbi, nikabisha mlango wa mkuu. Ndani alikuwepo Mtaalamu, na alikuwa amesimama katikati ya chumba anaigiza: ameshika rula, anaichomeka kwenye zulia, anasogea hatua tano, anaichomeka tena, midomo imebaki wazi kama zuzu. Mkuu alikuwa analia kwa kicheko. Alijifuta macho, akaniuliza, "Enhe, unasemaje?"

Nikasema, "Hamna kitu, mkuu. Nilikuja kuona kama kuna barua za kupelekwa."

Nilijiambia nitarudi mchana. Mchana nikajiambia kesho. Kesho yake walikuwa na haraka ya maturubai na viti.

Jumamosi, mkuu mwenyewe ndiye aliyefungua njia. Alikuwa amenunua nguo za kubana za waendesha baiskeli, rangi ya ndimu, zikamgawa vipande ambavyo maumbile hayakukusudia vionekane peke yake. Sisi tulikaa chini ziwani kwenye viti vya plastiki, tunamsubiri. Kutoka pale tulipokaa, vibao vilisomeka vizuri sana. Tulimwona akitokea kwenye misonobari, mwendo mkali, anatabasamu kwa ajili ya mpiga picha. Alipita kibao cha kwanza, akapita cha pili. Kwenye Kona ya Mawe hakupunguza chochote. Mawe ya mjomba yalipinda kushoto, mkuu akanyoosha moja kwa moja, akaruka na baiskeli yake hadi katikati ya matete. Watu walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Alivunjika mfupa wa bega. Si zaidi ya hapo, msimhurumie mno.

Jumatatu alikuja kazini mkono umefungwa shingoni, akaniita nichape maneno ya barua. Mtaalamu alikaa pembeni anamsaidia kuyatafuta. Barua ilisema kwamba ofisi imechunguza. Ilisema kwamba mtunza njia ndiye mtu pekee aliyeipita njia ile akishuka baada ya vibao kutundikwa, kwamba aliiona hitilafu au alipaswa kuiona, na kwamba hakutoa taarifa. Kwa sababu hiyo kibali chake hakitatolewa tena. Niliandika yote. Nilipofika kwenye "hakutoa taarifa" vidole vilisimama, mkuu akadhani sikusikia, akarudia polepole, neno kwa neno. Nikachapa. Sikukosea hata nukta.

Barua nikaambiwa niipeleke mimi, kwa kuwa ni ndugu.

Mvua ilikuwa inanyesha nilipofika kwake. Chumba chake ni kimoja, meza, kitanda, majembe matatu yameegemea ukuta. Nilimkuta ameshavaa buti. Miwani yake ilivunjika zamani, akaniambia nimsomee. Nikasoma, kwa sauti ile ninayotumia kusoma mihtasari ya mikutano. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba nirudie ule mstari wa taarifa. Nikaurudia.

Alikaa kitandani. Akaanza kufungua kamba za buti, ya kushoto kwanza.

"Siku ile nilipokutuma," aliuliza, "ulipomwambia, alijibu nini?"

Mimi ndiye ninayewadharau watu wa ofisini. Nimewadharau miaka yote, kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, na nilikuwa najiona bora kuliko wote kwa sababu hiyo tu.

"Alicheka," nikasema.

Aliamini papo hapo. Kwa nini asiamini? Ndivyo mkuu angefanya. Alitikisa kichwa, akavua buti ya pili, akaziweka zote mbili nyuma ya mlango, mahali ambapo haziwekwi siku ya mvua.

"Pole sana, mwanangu," aliniambia. "Nilikutia aibu mbele ya watu wale."

Kisha akanyanyuka kunichemshia chai.