Wati za Kupandia Mlima

Katika kila lugha niliyowahi kuomba nayo msaada wa fundi kompyuta, jibu huwa moja: acha hapo, pita kesho. Bi Kiganja hakuwa na jibu hilo. Alikuwa na kiti cha mteja, na alitaka ukikalie uone anachokifanya. Ndivyo nilivyomfahamu. Siku nne nilikaa nikisubiri kompyuta yangu ya safari ifufuke, katika chumba kisichozidi upana wa vitanda viwili, rafu zimejaa mashine zilizopasuliwa matumbo, na harufu ya lehemu haitoki hata dirisha likiwa wazi.

Jina hilo lilitokana na pawasaplai. Hicho ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa tofali, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kompyuta nzima. Kikiwa kibovu, vingine vyote ni mapambo. Na vya bandia vimejaa tele: lebo imeandikwa wati elfu moja, ndani mna wati mia tatu za kubahatisha. Bi Kiganja alikuwa akifumba macho, anakiweka kisanduku kwenye kiganja cha kulia, anakipandisha na kukishusha mara mbili kama anayebembeleza mtoto, kisha anatoa hukumu. Kilichojaa shaba ni kizito. Chepesi ni cha uongo. Wacheza gemu walivuka mji mzima kuja kumwekea vifaa mkononi.

"Bi Kiganja, hiki vipi?"

"Hiki? Hakiwashi hata balbu ya chooni. Kirudishe ulikokitoa, na ukifika uwasalimie."

Mashine kubwa kuliko zote alizowahi kuunda ilikuwa nyumbani kwake. Aliyeitumia alikuwa mumewe, aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na moja. Madereva wenzake walimwita Polepole, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba amepindua hata kreti la soda. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Alitoka hospitali na mguu wa kuburuta, mkono mzito, na mdomo ulioacha hadithi. Madaktari wakamwambia barabarani basi. Wakamwambia pia kwamba mkono ule usipofanyishwa kazi kila siku mwaka wa kwanza, utalala na hautaamka tena.

Mazoezi ya kubinya mpira aliyakataa akiwa bado wodini. Alisema yeye si paka. Hapo ndipo Bi Kiganja alipoanza kukusanya vifaa: skrini tatu pana, usukani unaokaza na kutetemeka kama wa lori lenyewe, pedali za chuma, na kadi ya picha ndefu kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Wateja wake walicheka.

"Shangazi, mzee anaenda kucheza gemu ya malori au kurusha roketi?"

"Polepole ametazama barabara miaka thelathini na moja," aliwajibu. "Nikimwekea mti uliochorwa ovyo, atashuka garini."

Miti ikawa miti. Wiki mbili za mwanzo Bi Kiganja alikuwa akirudi nyumbani anakuta honi inalia sebuleni, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Jirani akaja kulalamika kuhusu kelele, na Bi Kiganja aliniambia kwamba hajawahi kulalamikiwa akafurahi namna ile.

Kisha siku moja alikuta kiti kitupu na skrini zimefunikwa shuka.

"Vipi, leo hukusafiri?"

"Mambo ya kitoto yale. Nimechoka nayo."

Hakusafiri kesho yake, wala keshokutwa. Alikaa pembeni ya dirisha, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu alichopewa akishike kwa muda. Bi Kiganja alimchokoza kwa utani, akambembeleza, akanuna, hakupata kitu. Dukani akawa anaweka bisibisi chini katikati ya kazi na kutazama barabara.

Mwezi ulikuwa karibu kwisha aliposahau kipimo chake cha umeme nyumbani, akarudi kukichukua asubuhi, saa nne hivi. Mlangoni alisikia injini. Akaingia kwa kunyata. Mumewe alikuwa kwenye usukani, ameinama mbele, na mguu wake wa kushoto umefungwa kwenye mguu wa kiti kwa kitambaa cha jikoni, mafundo mawili.

"Unafanya nini, baba?"

Polepole alishtuka kama mtu aliyekutwa na sukari ya wageni. "Najaribu mara moja tu."

"Na huo mguu umekosa nini?"

Hakugeuka. "Huu ndio adui. Kila nikipanda ule mlima, nikiingia msituni penye mvua, unapiga plagi chini ya meza na mashine inazimika. Sisikii hata unapotembea. Mara tisa, mke wangu. Umehangaika na dude hili miezi mitatu. Ningekuambiaje kwamba nakuulia mashine yako kwa teke?"

Bi Kiganja alisimama palepale na mkoba begani. "Leo umeshafika huo mlima?"

"Ndio tunauanza."

Lori likapanda. Barabara ikajikunja, misonobari ikasogea kutoka pande zote, mvua ikaanza kugonga kioo na ukungu ukashuka. Feni za kompyuta zikapandisha sauti. Kona ya kwanza, kona ya pili. Skrini zote tatu zikawa nyeusi kwa pamoja.

Mguu haukuwa umesogea hata unene wa ukucha. Bi Kiganja alikuwa akiutazama huo tu.

"Si mguu wako," alisema.

"Si mguu?"

"Umelala kama mgeni tangu nimeingia. Si wewe, baba. Ni mimi."

Alipiga magoti, akafungua mafundo, akausugua mguu ule mahali kitambaa kilipoacha alama. Alikaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta kompyuta kutoka chini ya meza na kuitoa pawasaplai yake. Lebo ilisema wati elfu moja na mia mbili. Mganga hajigangi: kifaa cha mteja alikuwa akikipima kiganjani, halafu anakiwasha kwa kazi nzito saa nzima kabla ya kukitoa dukani. Hiki cha mumewe alikipima kwa mkono tu na kukifunga haraka, kwa sababu Polepole alikuwa akitoka hospitali siku ile na alitaka akikute tayari.

Alifungua skrubu nne. Ndani mlikuwa na saketi ndogo ya kutia huruma, waya mwembamba wa koili, na kando yake, limegandishwa kwa gundi, donge la zege ukubwa wa kipande cha sabuni. Kuna mtu mahali fulani aliyejua kwamba wanunuzi hupima uzito, akautengeneza uzito.

Polepole alinyoosha shingo kutazama. "Kumbe. Hata sisi tulikuwa tunapakiwa mawe chini ya magunia. Nani aliukagua mzigo huu?"

"Mimi."

"Mkaguzi afukuzwe kazi leo hii," alisema, na akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, bega likitikisika, mpaka mkewe naye akashindwa kujizuia.

Nilikuwa kwenye kiti cha mteja Bi Kiganja alipoingia dukani na lile zege mkononi. Alinisimulia yote akiwa amesimama, kisha akaniambia nimsindikize. Tulivuka barabara, tukapanda ngazi za jengo la mbele hadi kwenye duka la Mama Pacha. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, akajitenga na kununua mashine ya kujaribia pawasaplai: unakichomeka kisanduku, inakibebesha mzigo wa umeme kidogo kidogo mpaka kiseme ukweli. Miaka miwili Bi Kiganja alikuwa akiwaambia watu kwamba mwenye mkono haombi mashine.

"Mwalimu wangu!" Mama Pacha alisema. "Umepotea njia au mtaa wenu umefungwa?"

"Cheka. Ukimaliza unihudumie." Akaliweka zege mezani.

Mama Pacha alilitazama, na hakucheka. "La nani?"

"Lilikuwa kwa Polepole."

"Ah, mwalimu." Akavuta kiti. "Kaa. Tuhesabu. Kadi ya picha?"

"Wati mia nne na hamsini."

"Prosesa?"

"Mia mbili na hamsini. Feni, diski, usukani na vikorokoro vingine, weka mia moja."

"Mia nane. Elfu moja ingetosha."

"Tambarare ingetosha," alisema Bi Kiganja. "Mlimani, ule msitu ukiingia, kadi inaruka. Kufumba na kufumbua inadai karibu mara mbili ya haki yake."

"Basi elfu moja na mia mbili, lakini za kweli."

Walijaribu visanduku vitatu. Cha kwanza kilizimika kwenye mia tisa, kwa kishindo kidogo na harufu mbaya. Cha pili kilifika mwisho, ila mishtuko ya mzigo wa ghafla ilipoanza kipimo kikayumba. "Huyu ni mlevi," alisema Mama Pacha. Cha tatu kilibebeshwa mzigo wote, kikashtuliwa na kushtuliwa tena, na namba haikutikisika. Mama Pacha alitaka kukizima. Bi Kiganja akamwomba akiache nusu saa nyingine. Wakakaa wakikitazama, wakizungumza habari za mapacha wa Mama Pacha.

Yaliyofuata aliniambia Bi Kiganja mwenyewe. Alikifunga kisanduku cha tatu nyumbani mchana uleule, akawasha, akabaki amechutama nyuma ya kompyuta na sikio karibu na feni. Polepole aliuanza mlima. Misonobari, mvua, ukungu. Kona ya pili ikapita. Ya tatu, ya tano. Kisha mwanga sebuleni ukabadilika, na akajua wametoka msituni.

"Njoo ukae hapa," alisema Polepole.

"Ngoja nisikilize feni."

"Mama, miaka thelathini na moja nimekuaga mlangoni. Njoo ukae."

Alivuta kigoda cha jikoni, akakaa upande wake wa kushoto. Mkono ule mzito wa mumewe ulikuwa umeshika usukani, vidole vyote vitano. Chini yao barabara ilikuwa ikishuka mbali, mzunguko kwa mzunguko, hadi kwenye maji yanayong'aa.

"Kumbe huku kuna ziwa," alisema.

"Hata mimi sikulijua." Polepole alipunguza gia. "Mteremko mrefu huu. Nitashuka taratibu, tutachelewa."

"Shuka unavyotaka," alisema. "Duka nimelifunga."