Kalavati la Njia ya Sepuka

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya mwisho wa kiangazi, nimesimama na vigingi mkononi kwenye njia ya kwenda Sepuka, na mbele yangu mzee mmoja ananionyesha kwa fimbo mahali pa kupitisha maji. Juzi ulipokuja kuniaga, ukasema umepata kazi idara ya ujenzi, nilikupongeza nikacheka na wewe. Lakini ulipoondoka nilikaa peke yangu nikaona kuna jambo sijakwambia. Hata humu nyumbani wapo wasiolijua. Basi leo keti nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi mmoja huku mwingine kule walihamishwa wakawekwa pamoja kwenye vijiji vipya, nyumba zimepangwa kwa mstari. Kila kijiji kilitaka barabara, kilitaka kisima, kilitaka darasa la kusomea watoto, na yote hayo yalitazamiwa kwetu sisi watu wa ujenzi. Tulikuwa na greda moja linaloharibika kila mara, matipa mawili, na sululu zetu. Ni vitu vichache, lakini laiti ungeona tulivyopokelewa! Vumbi la lori letu likionekana kwa mbali, watu waliacha majembe shambani wakaja kutusalimu. Walijua njia ikifunguka mgonjwa atafika hospitali, na mwaka wa njaa lori la mahindi litapita. Hatukuwa watu wakubwa, lakini kazi yetu iligusa kila mlango.

Mimi nilikuwa kijana wa Kinyiramba kutoka upande wa Kiomboi, nimetoka mafunzoni karibuni. Nilijua kupima ardhi kwa levo, kile chombo cha kuonyesha palipoinuka na palipoinama, nikapewa kikosi cha vibarua kumi na mmoja nikisimamie. Bosi wangu alikuwa Mzee Kitundu, fomani wa siku nyingi, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akipita kambi moja hadi nyingine kukagua. Kwa hiyo siku nyingi pale kazini mkubwa nilikuwa mimi, na ukubwa ule, mwanangu, niliuvaa vizuri mno. Hata kofia nilikuwa naivalia upande.

Kijiji kile kipya kilikuwa chini kidogo ya barabara tuliyokuwa tunaijenga. Upande wa juu kulikuwa na mwinuko wa mawe, na masika maji yote ya mwinuko ule yalishuka kuelekea kijijini. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali pa kulaza kalavati, yaani yale mabomba ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, ili maji yavuke na kwenda zake korongoni bila kugusa nyumba za watu.

Mzee aliyekuwa akinionyesha kwa fimbo aliitwa Omari Njiku, Mnyaturu, mfugaji. Kabla ya kuhamishiwa kijijini, boma lake lilikuwa juu pale pale kwenye mwinuko. Mkewe, Mama Hadija, ndiye aliyekuwa akituletea uji wa uwele kila siku saa nne, bila kuombwa na mtu. Alikuwa na utani mwingi. "Nyie Wanyiramba mnajua kula tu," ananiambia, "kujenga mmejifunzia wapi?" Vibarua wanacheka, mimi nacheka. Aliposikia naenda kuoa, aliniletea kibuyu cha samli. "Mpelekee mwenzio," akasema, "mwambie ana mama huku Unyaturu."

Sasa sikiliza siku yenyewe ilivyokuwa.

"Kijana," Mzee Omari aliniambia, "maji hayapiti hapo unapopiga vigingi. Yanapita hapa, penye mawe. Nimechunga hapa tangu sijaota ndevu."

"Mzee wangu, shikamoo tena," nikamjibu kwa dharau iliyojificha ndani ya adabu. "Hii ni kazi ya vipimo. Tumekwisha kupima."

"Mmepima pakiwa pakavu."

"Vipimo haviangalii pakavu wala pabichi, mzee."

Alinitazama, kisha akaitazama ile levo yangu juu ya miguu yake mitatu. "Basi nyie ndio mliosoma," akasema. Akaondoka polepole kuwafuata ng'ombe wake.

Na hapa, mwanangu, ndipo penye uzito. Si kwamba vipimo vilinidanganya. Asubuhi ile ile levo ilinionyesha kwamba mahali pa chini kabisa ni pale penye mawe, pale pale alipopagusa mzee kwa fimbo. Nililijua hilo. Lakini mawe yale yalitaka kuchimbwa kwa mtarimbo, kuchomwa moto na kumwagiwa maji ili yapasuke, kazi ya wiki mbili au zaidi. Harusi yangu ilikuwa imebakiza siku chache. Hatua kama mia hivi kutoka hapo palikuwa na udongo laini, unachimbika kwa siku mbili. Nikajiambia tuta la barabara litayasukuma maji yenyewe hadi huko. Ndiyo maana vigingi nilivipiga huko. Tukalaza mabomba, tukafukia, greda likapita, barabara ikapendeza kwa macho. Nikachukua kibuyu changu cha samli nikaenda Kiomboi kumwoa Naomi.

Tulicheza ngoma huko, tulikula, tuliimbiwa kanisani. Mvua kubwa ilitunyeshea siku ya tatu, na wazee wakasema ni baraka ya ndoa. Nilifurahi na mvua ile.

Yaliyotokea njia ya Sepuka niliyakuta nimerudi. Siku ile ile ya tatu mvua ilianza huko adhuhuri. Maji yakashuka mwinukoni kama siku zote, yakafika penye mawe, yakakuta nimeyaziba kwa tuta. Yakajaa nyuma ya tuta, yakatambaa kando yake mpaka kwenye udongo wangu laini. Kalavati halikuweza. Mabomba yaling'oka, barabara ikakatika, na maji yote yakatoka kwa mkupuo mmoja yakaelekea kwenye nyumba za mstari wa kwanza. Nyumba zenyewe zilikuwa tembe, unazijua, kuta za udongo na paa la miti lililofukiwa udongo. Ukuta wa tembe ukilowa chini, paa lote linashuka.

Nyumba ya Mama Hadija ilikuwa ya pili kutoka mwanzo. Aliwatoa wajukuu wake wawili, akampa jirani. Kisha akarudi ndani kuchukua vibuyu vya mbegu, kwa sababu msimu wa kupanda ndio ulikuwa umeanza, na asiye na mbegu mwaka ule familia yake ingekula nini? Hakutoka tena. Walimfukua alasiri, wakamzika kesho yake asubuhi.

Nilipofika kambini Mzee Kitundu alinieleza hayo kwa sauti ya chini, akanipa karatasi. "Ofisi inataka taarifa," akasema. "Wewe ndiye uliyejenga. Andika kilichotokea."

Nikaandika. Hati ilikuwa nzuri. Niliandika kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida na kwamba kazi ilifanyika kwa kufuata vipimo. Mzee Kitundu akaisoma mara mbili.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, mzee."

Akaikunja akaitia mfukoni. Mimi nikarudi kwa mke wangu mpya, nikashindwa kula. Naomi alidhani chakula chake hakinipendezi, maskini, akawa anabadilisha mboga kila siku. Siku ya nne aliniuliza nimemkosea nini. Nikamwambia yote. Akaniuliza jambo moja tu: "Ile samli tuliyokula ni ya huyo mama?" Nikaitikia. Akainuka akatoka nje. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi ya kugombezwa.

Wiki iliyofuata tulipewa mabomba mapya, tukaenda na lori, mimi na Mzee Kitundu na vibarua. Tulikuta watu wa kijiji wameshakusanyika na majembe, maana kazi za namna ile walijitolea. Mzee Omari alikuwa miongoni mwao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama anavyomwitikia mtu yeyote. Nikampa pole ya msiba. Akasema, "Tumeshapoa." Saa nne ilipofika hakuna aliyetuletea uji.

Mzee Kitundu akanigeukia. "Kapige vigingi."

"Wapi, mzee?"

"Palepale. Umeandika mahali hapana kosa, mvua ndiyo iliyozidi. Ofisi imekubali maandishi yako. Kalavati linarudi lilipokuwa."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nyuma yao nilikuwa naona nyumba zilizobaki, na moshi wa jikoni, na mtoto mmoja amekaa mlangoni. Nilielewa kwamba nikipiga vigingi vile, masika mengine yatakuja, na maji yatapita kwenye nyumba ile. Mwanangu, uongo wangu haukuwa tena wa kulinda jina langu. Ulikuwa umekwisha kuwa amri ya ofisi, na amri ile ingeua tena.

Nikakaa chini kwenye udongo, mbele ya vibarua wangu, mbele ya wote. Nikasema, "Mahali ni pale penye mawe. Nilijua tangu siku ya kwanza. Levo ilinionyesha, na mzee huyu akanionyesha. Niliogopa kuchelewa harusi."

Nilitamani mtu anipige. Mzee Kitundu alisogea, akaniinamia, akasema polepole, na maneno yake nayaweka mbele yako kama yalivyotoka:

"Hawa watu hawamjui mkuu wa idara. Hawajawahi kuiona ofisi. Wanakujua wewe. Ukija kwao na kofia yako, serikali ndiyo imekuja. Ukiwadanganya, serikali ndiyo imewadanganya. Ungefika huko harusini umechelewa wiki mbili, bibi arusi angekuelewa. Huyu mzee utamwambia nini?"

Nikamtazama Mzee Omari. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sura haikubadilika. Alishika jembe lake, akatembea mpaka penye mawe, akasimama.

"Ni hapa," akasema. "Chimbeni."

Tulichimba pale siku kumi na tisa. Mimi nilivuliwa usimamizi, nikashika mtarimbo kama kibarua yeyote, na nilistahili. Taarifa ya kwanza Mzee Kitundu aliifuata ofisini akaichana, nikaandika nyingine kwa mkono wangu, ya kweli, ikapelekwa. Nilidhani nitafukuzwa. Hawakunifukuza, ila nilikaa miaka mingi bila kupewa kikosi. Mzee Omari alikuja kila siku ya zile kumi na tisa, akabeba mawe na sisi, yeye na umri wake. Siku moja tulishika jiwe moja pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, uso kwa uso. Nilifungua kinywa nimwombe radhi. Akasema, "Beba, kijana, litatuponda." Tukabeba.

Mvua ya kwanza baada ya hapo nilipanda lori nikaenda kuangalia. Nilimkuta yeye ameshafika, amejifunika gunia kichwani. Maji yalishuka mwinukoni, yakaingia kwenye mabomba, yakatokea upande wa pili yakaenda korongoni. Hayakugusa nyumba hata moja. Tulisimama tukayatazama mpaka mvua ikapungua.

"Yamepita," akasema. Kisha akaenda zake.

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia juu ya jambo lile. Niliendelea kupita kwake kila nilipokuwa upande ule, nikimpelekea sukari, na yeye akinikaribisha kivulini, tukizungumzia mvua na ng'ombe. Mwaka aliofariki nilikwenda kumzika. Hakuniambia hata siku moja kwamba amenisamehe. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu leo. Yapo makosa ambayo mtu huishi nayo tu, akiyabeba vizuri kadiri anavyoweza.

Mwanangu, kazi unayoiendea ni ya heshima kubwa, ingawa utaifanya kwenye tope na jua, na watu wa mjini hawatakuona. Barabara unayoitengeneza utaipita mara moja uende zako, lakini kuna watu watalala chini yake kila masika wakitegemea kwamba ulifanya kweli. Basi ukifika mahali, anza kuuliza. Muulize anayechunga, muulize anayeteka maji, muulize mama mwenye shamba. Akikwambia jambo, usilitupe kwa sababu hakulisoma shuleni. Likitofautiana na kipimo chako, rudi upime. Likilingana na kipimo chako, basi huna kisingizio tena. Ukiwa na haraka zako, ziseme wazi kwa mkubwa wako, uombe ruhusa, uombe msaada. Usizifukie chini ya barabara. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapigwa muhuri. Aibu utaipata, lakini aibu haivunji nyumba ya mtu.

Mimi nimezeeka, na magoti yanauma yakihisi mvua. Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze mkono unapopima na ulimi unapoandika. Akupe wakubwa wanaokuuliza maswali, na wanakijiji watakaothubutu kukukatalia. Vijiji utakavyovihudumia vipate maji ya kunywa na viepushwe na maji ya kuua, na wewe upate usingizi mzuri kila mvua inaponyesha. Amina.