Nyanya Mkubwa na Nyanya Mdogo

Kwetu mtu akifa jina lake halizikwi naye. Mke wangu alipotutoka, binti yetu akamzaa mtoto wa kike, akampa jina la marehemu. Basi tukawa tunamwita Nyanya, mtoto ambaye hata meno hana. Mwenye nyumba wangu hapa Kianda, mama wa Kinubi, alikuwa anamsalimia, "Nyanya, bwana yako yuko?" Bwana ni mimi.

Shule niliiacha mapema, ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hivyo mambo ya kompyuta nayasema vile nilivyoambiwa.

Binti yangu huandika programu. Wakati huo alikuwa anakaa mtaa wa Olympic, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na sauti ya mama yake, kidogo tu, alimrekodi bila yeye kujua. Nyingine hatukuwa nayo. Kila Jumapili nilienda akaniwekea, nikisikiliza na chai. (Chai yake ni maji, lakini hiyo tuache.) Baadaye akamrekodi mtoto pia. Faili zote mbili akaziita jina moja, Nyanya: ya marehemu ikaanza na herufi kubwa, ya mtoto herufi ndogo. Mkubwa ni mkubwa, alisema. Nikaona ana akili.

Alipohamia Kawangware alinunua kompyuta yenye mfumo mwingine. Akaandika programu ya kulinganisha majina ya faili huku na huku, jina likikosekana kwa mpya, inanakili. Ikamaliza bila kulalamika. Akaisafisha ile ya zamani yote, akaiuza Soko la Toi.

Jumapili ikafika. "Niwekee mama yako," nikasema.

Akabonyeza. "Babu, kuja!" Kisha kicheko.

"Huyo ni Nyanya mdogo. Weka mkubwa."

Akatafuta, akatafuta tena. Mabega yakamshuka.

"Baba, hii mashine haijali herufi kubwa wala ndogo. Programu yangu iliona majina mawili, mashine yenyewe ikaona moja. Ya mtoto imekuja nyuma, ikakaa juu ya ya mama."

"Basi mtoe mtoto. Mama atakuwa hapo chini."

"Hakuna chini, Baba."

Alilia vile hakulia hata makaburini. Ile programu ameshairekebisha, siku hizi ikikuta majina kama hayo inasimama na kuuliza. Nilimwambia ni vizuri.

Juzi alinishikia simu mdomoni. "Sema vile Mama alikuwa anasema, angalau maneno tubaki nayo."

Maneno ninayo yote. "Wewe mzee, vua viatu, nimetoka kupiga deki." Nilisema, ikatoka sauti ya mzee. Mtoto akacheka, akataka tena. Nikarudia polepole, nikitega sikio kama ya mke wangu itakuja nyuma ya yangu.

Nikamwambia binti yangu azime.