Usukani Ulikuwa Kushoto

Nikianza na hasira mtanisamehe, maana hasira ndiyo niliyobaki nayo. Gari liko nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai, na kuku wameanza tena kulala juu yake. Kila asubuhi jua likishapata nguvu mume wangu huketi kando yake kwenye kiti cha plastiki. Akisikia kuku akiparuza turubai humfukuza kwa fimbo, na mara nyingi fimbo huenda upande ambao kuku hayupo. Mimi huwa naosha vyombo nikimtazama, na siku nyingine naviacha vyombo hapo hapo nikaingia ndani.

Ni gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, pua ndefu kupita kiasi, na injini ya silinda nane ambayo ikiwashwa sufuria zangu hutetemeka rafuni. Usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, kama wanavyoutia huko kwao. Lililetwa huku na mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Elmenteita, na mume wangu alilijua kabla hajajua kusoma. Baba yake alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya reli, akapewa geti la kulinda pale reli inapokata barabara ya shamba hilo. Treni ikikaribia anafunga, ikishapita anafungua. Gari lile likikuta geti limefungwa lilisimama likinguruma, na mtoto wa mlinzi akapata nafasi ya kulitazama mpaka behewa la mwisho lipite. Tangu hapo alikuwa na neno moja moyoni, kwamba siku moja atavuka hapo akiliendesha yeye.

Nilipoolewa sikuambiwa habari ya neno hilo. Mimi ni mtoto wa Keringet, na kwetu gari ni kitu cha kubebea viazi.

Lilivyotufikia ni hivi. Mume wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma kiwandani hapa Nakuru, na Jumamosi alizunguka kutengeneza pampu za maji mashambani. Shamba lile lilikuwa linakatwakatwa vipande, na mwana wa yule mzungu akamwambia stoo itabomolewa, kwa hivyo kama anaweza kuliondoa hilo gari, aliondoe tu. Likaja nyumbani likivutwa na trekta, matairi yamechanika, yeye mwenyewe ameketi ndani ameshika usukani kana kwamba ndiye anayeendesha trekta. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kuku wawili ambao hawakutaka kuachwa. Nilimwambia achague, mimi au hilo dude. Akacheka, nami nikacheka, nikaenda kuwachinja wale kuku.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, na kazi ya Jumamosi ikawa kazi ya kila siku. Spea za gari hilo hazipo Nakuru wala popote ninapopajua, kwa hivyo alizitengeneza. Bawaba za milango alizikereza kutoka kwenye shafti ya mashine ya posho. Sakafu iliyokuwa imeliwa na kutu aliishona upya kwa mabati mazito, yeye na jirani yetu mmoja mwenye mashine ya kuchomelea, mtu mpole anayependa kazi na chai. Mimi nililiita mke mwenza, na nilimwambia mbele ya watu kwamba mwenzangu ana bahati, hapiki, hafui, na bado anapakwa mafuta kila siku.

Lakini nisijifanye sikulipenda. Kuna gunia la udongo mweupe aliloleta kutoka Kariandusi, ule unga unaochimbwa pale, laini kuliko unga wa ngano. Ukichovya kitambaa kibichi ndani yake ukasugua bampa iliyokufa rangi, inaamka. Tuliketi chini tukasugua bampa ya mbele, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukakutana katikati tukiwa weupe mpaka kwenye nyusi. Nikajiona kwenye kile chuma. Nilifurahi, na sina aibu kusema hivyo.

Halafu sukari ikamshika macho. Alikuwa nayo kwa muda mrefu na akaichukulia kama jamaa wa mbali, mtu wa kusalimiwa mara moja kwa mwaka. Jicho la kushoto likaenda kwanza. Daktari wa macho alituambia bila kuzunguka kwamba hilo halirudi, na la kulia linalifuata, na hakuna anayeweza kusema litachukua muda gani. Tulirudi nyumbani. Alipofika aliingia moja kwa moja nyuma ya nyumba, akavaa ovaroli. Kuanzia hapo sote wawili tulijua tunashindana na nini. Alitaka kuvuka ile reli mikono yake ikiwa kwenye usukani na jicho lake likiona njia. Hakuna kingine alichoomba, si kwangu, si kwa Mungu kanisani.

Na tuliwahi! Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Januari, vumbi likiwa limefunika mji mzima, gari lilikuwa limekamilika. Injini inanguruma, breki zinashika, rangi ya buluu imepigwa, na jicho la kulia bado linaona, ingawa aliniambia watu wa mbali wanamjia kama wako nyuma ya pazia.

Shida ilikuwa moja, na haikuwa shida. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara. Dereva wa usukani wa kushoto huwa amekaa kando ya mtaro, na akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka aliyeketi kulia kwake achungulie amwambie. Watu wa zamani waliendesha hayo magari hivyo hivyo, mke akichungulia na kutangaza. Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi kimoyomoyo, kuna kitu, hakuna kitu, ngoja, nenda.

Tukatoka siku ya Jumapili baada ya kanisa. Tulifika pale barabara ya mtaa wetu inapoingia kwenye lami, panaposimama watu wa bodaboda. Akasimama. Nikatoa kichwa dirishani, nikaangalia, nikasema kwa sauti, "Ngoja, kuna lori. Ngoja. Haya, sasa nenda!"

Kijana mmoja wa boda akapiga makofi. "Wah! Mzee, niaje! Kumbe dere ni mathe? Wewe umeshikilia tu stering?"

Wenzake wakacheka, eti dereva ni mama. Hawakuwa wabaya, walikuwa wamekaa bila abiria na jua limewachoma. Kichekesho kama hicho ningekijibu mimi kikaisha, nina mdomo wa kutosha. Lakini mume wangu hakuningoja. Aliweka gia ya kurudi nyuma, akarudisha gari mpaka langoni kwetu, taratibu, bila kugonga hata ukingo wa mtaro. Akazima.

"Naihamisha hiyo stering," akasema.

"Unaipeleka wapi?"

"Kulia, kama ya watu wengine. Sitaendeshwa na mdomo wa mtu."

"Mzee, mimi ni mtu?"

Akachomoa ufunguo.

"Na macho yako? Umeyauliza kama yatangoja?"

"Yatangoja," akasema, akashuka.

Nililia siku hiyo, halafu nikapiga kelele, halafu nikanyamaza siku nyingi, na hakuna hata kimoja kilichosaidia. Mume wangu ni mtu aliyelelewa kando ya geti, akitazama wenye magari wakingoja kufunguliwa. Kwake mwenye gari ni mtu asiyeuliza kama njia iko wazi. Nilijua hayo, na bado nilitaka kumkwida mtu, yeye au yule kijana wa boda, yeyote aliyekuwa karibu.

Kuhamisha usukani si kama kuhamisha kabati. Walikata ukuta wa chuma ulioko kati ya injini na miguu ya dereva, wakatoboa matundu mapya kulia na kuziba ya kushoto. Pedali zote zikahamishwa na mabomba ya breki yakapindwa upya. Bomba la moshi lilikuwa limekaa pale pale usukani ulipotaka kupita, likakatwa. Kisanduku cha gia za usukani walikitoa kwenye pikapu kuukuu, wakakigeuza ili kienee. Walipojaribu mara ya kwanza, alikata kulia na magurudumu yakaenda kushoto. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu alikaa tu na ule usukani mkononi, akiuzungusha huku na huku, akisikiliza. Ikabidi kufungua kila kitu.

Mvua ndefu zikaja, uwanja ukawa tope, umeme ukapotea siku ambazo ungehitajika. Nilimshikia tochi. Mwanzoni aliniambia niilete karibu, baadaye karibu zaidi, baadaye akaacha kuniambia na kuanza kutafuta nati kwa vidole. Niliona. Nilimwambia jirani, "Kimbizeni hiyo kazi," akasema, "Mama, tunakimbiza, lakini hii ni stering, haiwezi kukimbizwa." Alisema kweli. Nilimchukia kwa hilo pia.

Mvua zilipoisha kazi nayo ikaisha. Alikuwa akifunga skrubu ya mwisho ya dashibodi, na mimi nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha spidi.

"Mama, namba ziko?"

"Ziko."

"Zote?"

"Zote, mzee. Unatazama tu vibaya."

Akabaki hapo, uso kwenye kioo. Akauinua, akaugeuzia upande wa dirisha kulikokuwa na jua, akaurudisha tena.

"Basi ni mimi," akasema.

Nilimwekea chai juu ya dashibodi, nikamshika mkono nikauelekeza kwenye kikombe. Ndiyo mara ya kwanza kufanya hivyo. Sasa ni kila siku.

Tulienda hata hivyo, wiki kadhaa baadaye, kwa sababu jirani alisema gari lisipoendeshwa litakufa. Jirani akakaa kulia, kwenye usukani. Mume wangu akalizunguka gari akiwa amelishika, akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, akakaa pale dereva wa zamani alipokaa. Mimi nikajikunja nyuma. Tukapita Mbaruk, malori yako kwenye mlima yanapumua kwa shida, na jirani akayapita moja baada ya jingine bila kumuuliza mtu kitu. Kazi waliyoifanya ilikuwa nzuri. Usukani ulikuwa mwepesi, gari halikuvuta upande wowote. Kila tulipopita lori niliona mguu wa mume wangu ukikanyaga sakafu tupu.

Tukaacha lami tukaingia njia ya shamba. Geti halipo tena. Nyumba ya mlinzi imebaki kuta, mtu ameng'oa mabati. Lakini reli ipo, na jirani alipoiona akasimama kabla ya kuvuka, kama inavyotakiwa, injini ikinguruma.

"Tumefika?" mume wangu akauliza.

"Tumefika."

Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Ikakuta bati laini alilolifunga yeye mwenyewe kuziba pengo la usukani. Akalipapasa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akatafuta alama za kuchomelea kwa kidole gumba, akazipata. Kisha akarudisha mikono magotini.

"Mama," akasema bila kugeuka, "angalia. Kuna kitu kinakuja?"

Nikatoa kichwa kwenye dirisha la kulia la huku nyuma. Nikaangalia upande wa Gilgil, nikaangalia upande wa Nakuru. Nyasi, vyuma viwili, na jua.

"Hakuna kitu," nikasema.

Jirani hakutia gia. Nadhani alikuwa anaogopa kutukatiza.

"Hivyo ndivyo ungekuwa unaniambia?"

"Hivyo tu, mzee."

"Siku zote? Maneno mawili?"

"Maneno mawili," nikamwambia, na sikuweza kusema la tatu.