Yaya yangu alisema ejo

Bantu bananiulizaga: Maman, wapi njo maisha iko mazuri, huku Rwanda ao kule Kongo? Mi nacheka. Jibu yangu inategemea kama nimeshakula.

Huku Kamembe ni kuzuri, siwezi kudanganya. Barabara iko safi mpaka unaogopa kutema mate. Muke anatoka soko giza imeshaingia, pochi iko kwa kwapa, hakuna wa kumugusa. Lakini ucheke kwa nguvu kidogo tu, jirani anafungua dirisha aone nani anakufa! Kule Bukavu, kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, matope inakufikia kwa magoti, robinet ya maji inatoa upepo. Lakini unaingia na njaa, unatoka na tumbo kama ya mimba. Nikifika tu, yaya anaanza kunichokoza: "We mama wa propreté, wa usafi, leo umekuja kufagia nani?"

"Nimekuja kuona kama mungali bazima ndani ya matope yenu."

Kisha masasi ya bunduki ikaanza kusikika kule milimani. Kwanza mbali, sawa muntu anakwangula sufuria. Kisha karibu. Bantu bakaanza kuvuka na magodoro kwa kichwa. Nikamupigia yaya: kuja kwangu, kabla bafunge daraja ya mupaka.

"Na kuku zangu, nani atazilinda?"

"Kuku zenyewe hata hazitagake mayai!"

Akakata simu, alikasirika.

Siku ingine akanipigia yeye mwenyewe. Hakucheka. Alisema Kinyarwanda, polepole sana. Tulizaliwa Giheke, huku Rwanda, na tangu tuko batoto, yaya akiwa na woga anarudia Kinyarwanda. Akasema: "Ejo, ku kiraro…" Simu ikakatika.

Kiraro ni daraja. Lakini ejo, musikie vizuri: ejo ni kesho, na ejo ni jana. Neno moja! Maneno yenye inafuata njo inakuonyesha ni gani, na ile ilibakia kwa simu. Mi nikasikia kesho, sababu kesho njo nilikuwa nataka.

Oh, nilifurahi! Nikapika sombe, majani ya muhogo, nikatandika kitanda, nikamuambia mujukuu wangu wa kike: "We utalala chini, malkia anakuja." Asubuhi nikavaa kitenge kipya, nikatelemuka mpaka darajani.

Kimya. Daraja yenye hainyamazake hata siku moja! Hakuna bamama ba ndizi, hakuna mwenye kutukana. Kule ngambo barabara inapanda mujini bila muntu, mbwa moja tu imelala katikati.

Polisi akaniambia: "Mukecuru, we bibi, leo hakuna kuvuka."

"Nangojea yaya yangu. Alisema anakuja."

Hapo chini ya ukuta kulikuwa mama moja wa kuuzisha tomate, alikala juu ya kitunga yake, haina kitu ndani. Huyo anatujua sisi wote wawili. Akaniangalia sana.

"Maman, yaya yako alikuwa kwa daraja juzi. Alibeba kuku. Mi nilipita, nyuma yangu bakafunga. Yeye akabakia ngambo."

"Juzi?"

"Juzi, maman. Bakamuambia arudie. Alikuwa nalia."

Juzi. Yaani siku moja kabla ya kunipigia simu. Hakuwa nasema atakuja. Alikuwa nanielezea kama alishakuja, ikashindikana.

"Akapita njia gani kurudia?"

Mama wa tomate akafungua kinywa, na kule juu ngambo kitu ikalia, kubwa, mpaka chuma ya daraja ikatetemeka. Mbwa ikakimbia. Polisi akatusukuma nyuma na mikono. Mi nikarudi kinyumenyume, sikutaka kugeuza mugongo.

Napiga ile numero mpaka leo. Iko mwanamuke ndani ya simu anasema haipatikane. Anasema kwa Kifaransa, na sauti tamu, sawa muntu hana ndugu ngambo.